Namba ya Mkulima wa Chai na Siri za Simu Zetu

Nilipopita Litein, Kericho, niliona majani ya chai yakipimwa. Kila mkulima ana namba yake. Kwa namba hiyo mzigo wajulikana ni wa nani.

Mwaka 1984 Adi Shamir alipendekeza siri za kompyuta ziende vivyo hivyo: jina au namba ya mtu ndiyo iwe kufuli yake, na mwenye ufunguo mkuu amtolee ufunguo wake. Dan Boneh na Matthew Franklin walipata njia inayofaa mwaka 2001.

Lakini kufuli pekee haitoshi. Mwaka 1998 Daniel Bleichenbacher alionyesha kuwa mwizi aliyeshindwa kufungua ujumbe aweza kuuchezea, akautuma mara nyingi, na kwa majibu ya kompyuta ya kukubali au kukataa akaipata siri.

Mwaka 2004 Ran Canetti, Shai Halevi na Jonathan Katz wakatoa dawa. Ufunguo mkuu akae nao mpokeaji mwenyewe. Mtumaji, kwa kila ujumbe, atengeneze muhuri mpya wa kutumika mara moja. Namba ya muhuri ndiyo ifunge ujumbe, kisha mzigo wote ugongwe muhuri huo.

Mwizi akigusa kitu, muhuri haulingani na namba, mzigo watupwa. Akigonga muhuri wake, namba imebadilika, na ufunguo wa namba nyingine haumfungulii siri yetu.

Mishahara na matibabu yetu yamo simuni. Tusiulize tu, "Imefungwa?" Tuulize pia, "Ikiguswa, itajulikana?"