Uganda: Mzazi Mkulima Alipogeuka Mwalimu

Tarehe 20 Machi mwaka 2020 shule zote nchini Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, na wanafunzi wapatao milioni 15 wakarudi majumbani. Hapana aliyejua siku ile kwamba milango hiyo isingefunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari mwaka 2022. Hapana nchi nyingine duniani ambayo shule zake, zote au baadhi yake, zilikaa zimefungwa kwa muda mrefu kama huo.

Hapa Tanzania shule zilifungwa tarehe 17 Machi mwaka huo huo, na watoto wa shule za msingi wakarejea tarehe 29 Juni. Kenya iliufuta mwaka wa masomo wa 2020, na wanafunzi wote wakarudi madarasani Januari mwaka 2021. Kwa hiyo yaliyowapata majirani zetu wa Uganda yalizidi yetu kwa kipimo kikubwa. Yanastahili kutazamwa kwa makini, si kwa nia ya kulaumu, bali kwa nia ya kujifunza.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni majira. Katika sehemu kubwa ya kusini na kati ya Uganda mvua za kwanza huanza mwezi Machi. Mtoto alirudi nyumbani siku zile zile ambazo mahindi na maharage yanapandwa, na jembe halipumziki. Serikali ilichapisha vitabu vya kujisomea na ikatangaza masomo kwa redio na televisheni. Aidha, ilieleza nia yake ya kununua mamilioni ya redio kwa ajili ya kaya za wananchi. Tangazo hilo lenyewe lilikuwa ni kukiri kwamba nyumba nyingi hazikuwa na chombo cha kupokelea masomo hayo. Lakini hata palipokuwa na redio na kitabu, lilibaki swali moja zito: ni nani atakayeketi na mtoto wa miaka sita, ilhali baba na mama wote wako shambani?

Kijana wa sekondari anaweza kujisomea. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi, kwa maana kitabu bila mtu wa kumwonyesha herufi ni karatasi tupu kwake. Na watoto hao wadogo, pamoja na wenzao wa shule za awali, ndio waliosubiri kuliko wote, kwa sababu kila madarasa yalipofunguliwa kwa zamu yalitangulizwa yale yenye mitihani. Mtoto wa kijijini aliyeanza darasa la kwanza Februari mwaka 2020 alikuwa amesoma wiki zisizofika nane. Shule zilipofunguliwa, wanafunzi walipandishwa madarasa. Mtoto huyo akajikuta mbele ya somo la juu, na pengine hata jina lake hajui kuliandika.

Je, mkulima aliweza kufanya nini? Tuchukue mfano wa familia yenye migomba, mibuni na kiploti cha mahindi. Shamba hilo limejaa hesabu. Mahindi yakipandwa kwa sentimita 75 baina ya mistari na sentimita 30 baina ya mashimo, mtoto atajifunza kupima kwa kamba yenye mafundo. Mashimo kumi yenye mbegu mbili kila moja yatamfundisha kuzidisha kabla hajaliona jedwali. Maharage yakimwagwa mkekani yatamfundisha kujumlisha, kutoa na kugawa kwa mafungu. Debe la lita 20 na kibaba vitamfundisha vipimo. Herufi zaweza kuandikwa kwa kijiti juu ya udongo uliosawazishwa, zikafutwa kwa kiganja na kuandikwa tena bila gharama ya daftari.

Hata hivyo, shamba peke yake halifundishi. Mtoto aweza kupanda mistari mia moja asijue kuihesabu, kama hapana mtu mzima anayemwuliza na kungoja jibu. Tofauti baina ya somo na kibarua ni lile swali, na swali hutaka muda. Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Shamba halina kengele. Kazi yake haiishi, na kila siku ipo sababu ya haki ya kuahirisha masomo: leo palizi, kesho mvua inakuja, keshokutwa ng'ombe anaumwa. Mzazi anayesubiri kazi ipungue ndipo afundishe hatafundisha kamwe.

Njia inayofaa ni kuitenga saa ya somo kwanza, na kazi zigawanywe baadaye. Kwa mkulima, saa hiyo aghalabu ni ya jua kali, watu wanaporudi kutoka shambani kula na kupumzika, au ni ya jioni kabla ya giza. Kwa mtoto mdogo, nusu saa ya kusoma na nusu saa ya hesabu kila siku inatosha kuzuia asisahau. Wahenga wamesema haba na haba hujaza kibaba. Kaka au dada aliye darasa la juu aweza kushika zamu, mradi naye asitwishwe mzigo wote. Na kazi ya somo isimwangukie mama peke yake, ambaye tayari analima, anapika na kuchota maji. Baba ajuaye kusoma hana udhuru.

Ipo pia hatari ambayo haifai kufichwa. Mtoto akikaa nyumbani muda mrefu, mikono yake huanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya nguvu kazi. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2021 ilieleza jinsi watoto wa Uganda walivyoingia katika kazi ngumu za kutafuta chakula wakati shule zimefungwa. Umaskini ndio uliowasukuma wazazi wengi, wala si ukosefu wa mapenzi. Lakini mtoto aliyezoea kupokea ujira ni vigumu kumrudisha kwenye dawati. Saa ya somo nyumbani, hata iwe fupi namna gani, humkumbusha mtoto na mzazi kwamba huyu bado ni mwanafunzi.

Lugha nayo ina nafasi yake. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unaelekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo husika, na darasa la nne liwe la kuvukia kwenye Kiingereza. Utaratibu huo ni silaha kubwa mikononi mwa mzazi mkulima, kwani humwezesha kufundisha kwa lugha anayoimudu. Sisi tunaofundisha shule za msingi za serikali kwa Kiswahili tunayo silaha hiyo tayari, na hatuna budi kuithamini.

Ama kuhusu redio, nchi yetu ina kumbukumbu yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza kwa njia ya redio. Mafanikio yale hayakuletwa na sauti ya mtangazaji peke yake. Kulikuwa na kijitabu, kulikuwa na kikundi cha kusikiliza, na kulikuwa na kiongozi wa kikundi aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Masomo ya watoto kwa redio yanahitaji mambo hayo hayo matatu, na la nne ni saa inayomkuta mkulima nyumbani. Kipindi kinachorushwa saa nne asubuhi wakati wa palizi huzungumza na nyumba tupu.

Si busara kudhani kwamba mambo haya yamepita. Mwezi Novemba mwaka 2022 Uganda ilizifunga tena shule wiki mbili kabla ya wakati, kwa sababu ya Ebola. Mkoa wetu wa Kagera, unaopakana na Uganda, ulipatwa na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Mafuriko nayo hayatoi taarifa. Kwa hiyo matayarisho yafanywe wakati shule ziko wazi: vijitabu vya madarasa ya chini viwekwe akiba katika kila kijiji, na mikutano ya wazazi iwaonyeshe namna ya kuendesha somo la saa moja nyumbani.

Hapana anayetaka nyumba ichukue nafasi ya shule. Mwalimu aliyefunzwa hana badala yake. Lakini mlango wa shule ukifungwa, mtoto anayejua kuhesabu mbegu na kusoma jina lake atakuwa na mahali pa kuanzia siku utakapofunguliwa. Mkulima asingekubali kula mbegu aliyoiweka kwa msimu ujao. Basi na akili ya mwanawe asikubali ikae miaka miwili bila kupandwa.