Meno ya mnyama au makali ya panga

Tarehe 13 Februari 1961 Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, aliwaita waandishi wa habari mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Aliwatangazia kwamba Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitoroka kizuizini, wakauawa na wanakijiji. Jina la kijiji alikataa kulitaja. Maiti hakuonyesha. Alichokuwa nacho ni hati za kifo zilizosainiwa na daktari Mbelgiji.

Hati hizo zilikuwa za uongo. Watu hao watatu walikuwa wamepigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari, mbele ya mawaziri wa Katanga, huku maofisa wa Kibelgiji wakisimamia. Baadaye miili ilifukuliwa, na timu iliyoongozwa na kamishna wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, ikaikatakata na kuiyeyusha kwa tindikali. Kwa mtu anayetoka Kamatanda, kule Likasi, akielekea Lubumbashi, historia hii iko njiani: Shilatembo, wanakokumbukwa Lumumba na wenzake, iko kando ya barabara kuu hiyo.

Tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza mauaji hayo iliikataa simulizi ya wanakijiji mwaka huo huo wa 1961. Lakini kabla ya hapo karatasi ya daktari ilikuwa imefanya kazi yake. Ilikuwa na saini ya mtu msomi, mgeni, wa taaluma inayoheshimiwa, na msomaji wa kawaida hakuwa na njia ya kumuuliza aliona nini, wapi, na lini.

Swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa kila mtaalamu anaposimama mahakamani, na hasa anapotoka mbali. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mgeni mwenye vyeti huingia na heshima ambayo hajaifanyia kazi bado. Wapo wanaoamini kila asemacho kwa kuwa ametoka London au Brussels. Wapo pia wanaomkataa kwa sababu hiyo hiyo. Kesi mbili, moja ya Kenya na nyingine ya Australia, zinaonyesha kwamba pande zote mbili zinakosea, na zinaonyesha hivyo kwa njia ya ajabu, kwa sababu swali la kitaalamu lilikuwa karibu lile lile: alama hizi ni za meno ya mnyama au za chuma?

Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28 aliyependa kupiga picha za wanyama, alipotea katika hifadhi ya Maasai Mara mwezi Septemba 1988. Siku chache baadaye ulipatikana moto uliozimika, na hapo pakaokotwa sehemu ya mguu na taya. Maelezo ya kwanza ya mamlaka yalikuwa kwamba ameliwa na wanyama. Daktari wa polisi aliyeuchunguza mguu, Adel Shaker, aliandika kwamba ulikatwa. Kisha ripoti yake ikabadilishwa na mkuu wake, mtaalamu mkuu wa serikali wa uchunguzi wa maiti, Jason Kaviti, na maneno ya kukatwa yakaondolewa. Baba wa marehemu, John Ward, hakukubali. Mabaki yalichunguzwa upya Uingereza na Profesa Austin Gresham wa Cambridge, naye akasema mguu ulikatwa kwa kitu kizito chenye makali, mfano wa panga.

Msomaji ana haki ya kujua tofauti hiyo inaonekanaje, maana si uchawi wa wasomi. Fisi au simba anapotafuna mfupa, huanzia kwenye viungo, penye mfupa laini wenye vitundu, na kuacha ncha zilizochakaa, vishimo vidogo vya meno na mifereji ambayo kitako chake ni cha mviringo. Panga huingia kwa mstari ulionyooka. Ukikata mfereji huo na kuutazama kwa darubini, una umbo la pembe kali, na upande mmoja wa ukuta wake huwa laini, mara nyingine ukiwa na mikwaruzo myembamba iliyoachwa na kasoro za makali. Pale pigo linapomalizikia, mfupa huvunjika kama kuni iliyopasuliwa nusu. Mambo haya yanaweza kupigwa picha, kupimwa na kuonyeshwa kwa mtaalamu mwingine. Mfupa ukihifadhiwa, kila anayetilia shaka anaweza kuutazama mwenyewe.

Ndivyo ilivyotokea. Daktari aliyefanya kazi Nairobi na profesa wa Cambridge walifika mahali pamoja kila mmoja kwa macho yake, na mwezi Oktoba 1989 hakimu wa Nairobi, baada ya kusikiliza uchunguzi wa kifo, aliamua kwamba palikuwa na mkono wa mtu. Heshima ya uamuzi huo inamstahili pia yule daktari wa kwanza, ambaye simulizi nyingi humpita haraka ili zimfikie profesa. Ripoti yake ilikuwa sahihi kabla ya mfupa kusafirishwa Ulaya. Kilichokosekana Nairobi ni kinga ya kuizuia isibadilishwe na mtu wa ngazi ya juu.

Hata hivyo mfupa ulijibu swali moja tu. Askari wawili wa hifadhi walioshtakiwa waliachiwa huru mwaka 1992, na aliyekuwa mkuu wa askari wa hifadhi akaachiwa huru mwaka 1999. Wapelelezi wa Scotland Yard walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mwaka 2004 uchunguzi wa kifo uliofanyika Ipswich, Uingereza, ulithibitisha kwamba Julie Ward aliuawa. Nani alimuua, hakuna mahakama iliyosema. Alama za panga zinaeleza kilichoupata mwili, na hapo ndipo mpaka wa daktari. Akiuvuka na kuanza kumtaja mtenda, ameacha taaluma yake nyuma.

Sasa Australia. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, kwenye kambi ya watalii karibu na mwamba wa Uluru, mtoto wa wiki tisa, Azaria Chamberlain, alitoweka hemani. Mama yake, Lindy, alisema amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa nchi ile. Uchunguzi wa kwanza wa kifo ulimwamini. Kisha nguo ya mtoto ikapelekwa London kwa Profesa James Cameron, mmoja wa majina makubwa ya uchunguzi wa maiti wakati huo. Hakuwa amechunguza maiti, kwa sababu maiti haikupatikana. Alitazama nguo chini ya mwanga wa urujuanimno na kusema kwamba madoa yake yanaonyesha koo lililokatwa, na kwamba anaona alama ya kiganja chenye damu. Mwanabiolojia wa maabara ya huko huko Australia aliongeza kwamba ndani ya gari la familia kulikuwa na damu ya mtoto mchanga. Wataalamu wengine wakasema kitambaa kilikatwa kwa mkasi au kisu, kwa kuwa meno ya dingo huchana tu.

Mwezi Oktoba 1982, mjini Darwin, Lindy Chamberlain alihukumiwa kifungo cha maisha akiwa mjamzito.

Kila nguzo ya ushahidi huo ilianguka. “Damu” ya gari ilikuwa kwa sehemu kubwa dawa ya kuzuia kelele inayopuliziwa kiwandani kwenye bati la gari. Sahani za vipimo vilivyofanyika maabara zilikuwa zimeharibiwa, kama ilivyokuwa desturi ya maabara hiyo, hivyo upande wa utetezi haukuwa na kitu cha kupima upya. Meno ya dingo yaliyofanyiwa majaribio yalikata kitambaa vizuri. Mwanzoni mwa 1986 koti la mtoto, ambalo mama alilitaja tangu siku ya kwanza, liliokotwa karibu na mapango ya dingo, naye akafunguliwa. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na tarehe 12 Juni 2012 hakimu mchunguzi wa vifo alitamka rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua Azaria.

Profesa wa Cambridge alikuwa sahihi kuhusu Mara, na profesa wa London alikosea kuhusu Uluru. Wote walikuwa Waingereza wenye sifa, wote waliitwa kueleza jambo lililotokea katika mazingira yasiyo yao, na wote walisema “chuma, si meno”. Pasipoti na cheo haviwezi kuwatofautisha. Tofauti iko kwenye kilichokuwa mezani. Mmoja alikuwa na mfupa ambao daktari mwingine alikuwa ameshausoma vivyo hivyo, na ambao yeyote angeweza kuusoma tena. Mwingine alikuwa na madoa na tafsiri yake mwenyewe, pamoja na vipimo vya mwenzake ambavyo havikubaki ili vihakikiwe, na hakumjua mnyama aliyekuwa akimtolea hukumu.

Kosa la mtu mmoja lina mwisho wake. La kutisha zaidi ni kosa linalofundishwa. Kwa miongo mingi wachunguzi wa FBI, Marekani, walilinganisha nywele kwa darubini na kuziambia mahakama kwamba unywele fulani ni wa mshtakiwa. Mwaka 2015 FBI wenyewe walitangaza matokeo ya kupitia upya kesi hizo: kati ya kesi 268 ambazo ushahidi wa nywele ulitumika dhidi ya mshtakiwa, 257 zilikuwa na maelezo yaliyozidi kile sayansi inaweza kusema, na 26 kati ya wachunguzi 28 walikuwa wamekosea hivyo. Wachunguzi hao hao walikuwa wamefundisha mamia ya wenzao wa majimbo. Njia ya aina hiyo inapoletwa Afrika kama msaada wa mafunzo, pamoja na vifaa na cheti cha ukutani, anayeipokea anahitaji kuuliza imejaribiwa vipi na inakosea mara ngapi.

Nchini Kongo suala hili lina sura yake. Kenya ilirithi mfumo wa Kiingereza: kila upande huleta mtaalamu wake, na upande wa pili humhoji hadi jasho limtoke. Kongo ilirithi mfumo wa Kibelgiji, na sheria yake ya mwenendo wa makosa ya jinai bado ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959. Hapa mtaalamu huteuliwa na parke, kama watu wa Katanga wanavyoiita ofisi ya mwendesha mashtaka, au na hakimu. Anakula kiapo, anaandika ripoti, na mara nyingi ripoti hiyo ndiyo inayosomwa badala ya yeye kusimama na kuulizwa. Mchimbaji mdogo akikutwa amekufa ndani ya shimo, swali la kama aliangukiwa na udongo, alipigwa au alipigwa risasi linaweza kuangukia kwa daktari wa hospitali ambaye kazi yake ya kila siku ni kutibu malaria na kushona majeraha. Hana wa kumsahihisha, na familia haijui kwamba inaweza kuomba mwingine.

Katanga yenyewe ina kesi inayoonyesha gharama ya kutouliza mifupa. Mwezi Oktoba 2004 jeshi liliurudisha mji wa Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, baada ya kundi dogo la waasi kuuteka. Zaidi ya watu 70 waliuawa, wengi wao raia, na magari ya kampuni ya madini ya Anvil yalitumiwa na wanajeshi. Mahakama ya kijeshi iliyokaa Lubumbashi ilitoa hukumu tarehe 28 Juni 2007: washtakiwa, wanajeshi pamoja na wafanyakazi watatu wa kampuni, waliondolewa hatia kuhusu mauaji ya Kilwa, kwa maelezo kwamba watu walikufa katika mapigano. Mashahidi walisema wengine walipigwa risasi wakiwa wamekamatwa na kutupwa katika kaburi la pamoja la Nsensele.

Hapo sayansi ilikuwa na la kusema. Risasi inapopenya fuvu huacha tundu dogo kwa nje na pana kwa ndani. Inapotoka, mambo hugeuka. Kwa hiyo mfupa hueleza risasi ilitoka upande gani hata nyama ikiwa imeoza zamani. Tundu moja kisogoni mwa mtu mmoja linaweza kuwa bahati mbaya ya vita. Matundu ya kisogoni kwa watu wengi waliozikwa pamoja, wengine wakiwa na kamba mikononi, ni hadithi nyingine, na mahakama ingeweza kuipima bila kutegemea nani anaaminika zaidi kati ya askari na mwanakijiji. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, iliitaka Kongo iwalipe wahanga dola milioni 2.5 na, pamoja na mengine, ifukue miili ya Nsensele ili izikwe kwa heshima. Ufukuaji wa namna hiyo unapaswa kufanywa na watu wanaojua kuandika kila mfupa ulipolala, maana kaburi likichimbwa kwa haraka ushahidi hupotea mara ya pili.

Kwamba mgeni na mwenyeji wanaweza kufanya kazi hii vizuri pamoja, Kavumu ya Kivu Kusini imeshaonyesha. Kati ya 2013 na 2016 makumi ya watoto wa kike walichukuliwa usiku majumbani na kubakwa. Madaktari wa hospitali ya Panzi walioandika majeraha ni Wakongo. Shirika la madaktari la kutetea haki za binadamu kutoka Marekani lilileta mafunzo na njia moja ya kuandika vyeti vya daktari, na mahojiano ya watoto yalirekodiwa ili wasisimamishwe mbele ya washtakiwa. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanaume 11, akiwamo mbunge wa jimbo Frederic Batumike, na rufaa ya Julai 2018 haikuibomoa hukumu hiyo.

Wakili wa Likasi anayepokea ripoti ya mtaalamu, mgeni au mwenyeji, anaweza kuanza na mambo yasiyohitaji shahada: aliuona mwili au picha tu, sampuli iko wapi leo, nani mwingine ameitazama, na ni jambo gani ambalo kipimo chake hakiwezi kuthibitisha. Mtaalamu mkweli ana jibu la hilo la mwisho. Jino linaloaminika kuwa la Lumumba, lililosalia baada ya mwili kuyeyushwa, lilipokabidhiwa kwa familia yake Brussels tarehe 20 Juni 2022, waendesha mashtaka wa Ubelgiji walikuwa wamesema wazi kwamba hawakupima vinasaba, kwa sababu kipimo kingeliangamiza jino lenyewe. Hakimu wa Kongo hafungwi na maoni ya mtaalamu. Anaweza kuyakataa, na anaweza kuagiza uchunguzi wa pili. Inambidi tu mtu aliyeko chumbani aombe, na aombe kabla mwili haujazikwa na sampuli haijatupwa.