Ufunguo wa Masjala Uwe Mikononi mwa Nani?

Utangulizi

Wako ndugu zetu wengi ambao wakisikia habari za kompyuta hudhani kuwa hilo ni jambo la mafundi peke yao, na kwamba siasa haina nafasi ndani yake. Fikra hiyo ni potofu. Chombo chochote kinachotunza kumbukumbu za watu, na kuamua nani asome nini, ni chombo cha madaraka. Na palipo na madaraka kada hana budi kuuliza: yako mikononi mwa nani, na yanamtumikia nani?

Makala hii inaeleza namna ofisi, chuo au chama cha ushirika kinavyoweza kuwa na daftari moja la watumiaji wa kompyuta na ghala moja la majalada, kwa kutumia programu huria. Yaani programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Tutalitazama jambo hili tukiwa hapa Tabora, mji ambao historia yake inafundisha mengi juu ya njia, milango na wenye kuishika milango.

1. Funzo la njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe ilipo Tabora ya leo, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba kuja bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Katika njia hiyo hiyo binadamu walisukumwa kwenda kuuzwa utumwani. Watawala walioshika vipande vya njia walidai hongo, na msafara usiolipa haukupita.

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipoingia vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Tunapata mafunzo mawili. La kwanza: mwenye kushika mlango ndiye mwenye kupanga bei. La pili: penye njia moja tu, mlango ukifungwa wote husimama. Mafunzo haya yanazihusu kompyuta za leo kama yalivyowahusu wapagazi wa jana.

2. Hali ilivyo

Chukua ofisi yenye kompyuta 20. Mara nyingi kila mashine ina daftari lake la watumiaji, majalada yake na neno lake la siri. Barua ikitakiwa katika chumba cha pili hubebwa kwa flashi, na virusi hubebwa pamoja nayo. Jalada moja huwa na nakala tano zinazotofautiana, na hakuna ajuaye ipi ni ya kweli. Mtumishi akiacha kazi, ruhusa zake hubaki katika mashine hizo kama nyumba aliyohama mpangaji bila kurudisha ufunguo.

Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, karani aliyekuwa akitunza matokeo alihamishwa mkoa mwingine. Matokeo yalikuwa ndani ya mashine yake, na neno la siri lilikuwa kichwani mwake. Vijana waliotoka vijijini kwa basi kufuata hati zao waliambiwa warudi baada ya wiki mbili, na nauli ya pili haikulipwa na mtu. Karani hakuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa la utaratibu ulioifanya mali ya umma kuwa siri ya mtu mmoja.

3. Masjala moja: daftari, tiketi na ghala

Kila mtumishi wa umma anaifahamu masjala. Majalada hayalali nyumbani kwa maofisa. Yanakaa masjala, yana namba, na yanatolewa kwa mwenye haki ya kuyaona. Iko masjala ya wazi na iko masjala ya siri. Utaratibu tunaoueleza ni huo huo uliohamishiwa kwenye kompyuta kubwa ya kuhudumia nyingine, inayoitwa seva. Una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni daftari la watumiaji. Kanuni ya kulisoma na kuliandika huitwa LDAP, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Daftari hilo limepangwa kama mti. Mwana-CCM ataelewa upesi, kwa sababu Chama nacho kimepangwa hivyo: shina, tawi, kata, wilaya, mkoa mpaka taifa. Vivyo hivyo mtumiaji amo katika kitengo, kitengo kimo katika idara, na idara imo katika taasisi. Mtu huandikwa mara moja tu. Akihamishwa hubadilishwa mara moja. Akiacha kazi hufungiwa mara moja, na mashine zote 20 humkatalia.

Sehemu ya pili ni tiketi. Kanuni yake huitwa Kerberos, iliyoanzia katika chuo cha MIT huko Marekani katika miaka ya 1980. Fikiria stesheni ya Tabora, ambako reli ya Kigoma na ile ya Mwanza huachana. Msafiri hulipa dirishani mara moja, akapewa tiketi. Ndani ya behewa mkaguzi hadai tena fedha, hudai tiketi, nayo ina mwisho wake. Mtumiaji naye hujitambulisha asubuhi mara moja, akapata tiketi ya kumfikisha kwenye majalada na mitambo ya kuchapia. Neno lake la siri halisafiri kwenye waya, hata mwizi anayesikiliza njiani halipati. Lakini tiketi hutegemea saa. Saa za mashine zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida tiketi hukataliwa. Kwa hiyo mashine zote hazina budi kufuata saa moja.

Sehemu ya tatu ni ghala la majalada. Seva hutoa makabati, na kila kabati lina masharti: nani asome tu, nani asome na kuandika, nani asilione kabisa. Hapa iko kanuni muhimu: ruhusa itolewe kwa kazi, isitolewe kwa jina. Unda kundi la wahasibu, kundi la walimu, kundi la masjala. Kisha mtie mtu katika kundi lake. Anayekuja kushika kazi hiyo kesho atakuta kila kitu mahali pake.

Programu huria inayofanya kazi zote tatu huitwa Samba. Tangu toleo lake la 4.0 la Desemba 2012, inaweza kuongoza mashine zinazotumia Windows kama ambavyo seva ya Microsoft yenyewe ingefanya, ikiwa juu ya mfumo huria wa Linux. Watengenezaji wake hushauri kwamba seva inayotunza daftari isiwe hiyo hiyo inayotunza majalada. Na seva za daftari ziwe mbili, kila moja ikiipasha habari mwenzake. Mlango mmoja ukifungwa, msafara upite mlango wa pili.

4. Kususia, kusalimu amri, au kushiriki?

Sasa tufike kwenye suala la itikadi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya hasara na matatizo ya kuwategemea wageni, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Nia ya kulinda fedha chache za kigeni ilikuwa njema. Lakini mwenye kuususia ujuzi hauzuii ujuzi usikue. Hujizuia mwenyewe asiupate. Marufuku ilipokuja kulegezwa, tulijikuta wanunuzi kuliko watengenezaji.

Leo liko kosa la upande wa pili: kununua kila kitu kilichofungwa, na kulipia leseni kwa kila mtumiaji au kila mashine. Hiyo ndiyo hongo ya zama hizi. Mwenye programu akibadili bei, au akisema toleo hili limezeeka, msafara wetu husimama.

Iko njia ya tatu, na Tabora inaijua. Januari 1958, katika mji huu huu, Mkutano Mkuu wa TANU ulijadili uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Masharti yalikuwa ya kikoloni. Wako waliotaka kususia. Mkutano uliamua kushiriki, si kwa kuyakubali masharti, bali kwa kujua kwamba ulingoni ndipo masharti yatakapovunjwa. Desemba 1961 nchi ilikuwa huru.

Samba ilizaliwa kwa mantiki inayofanana na hiyo. Mwaka 1992 Andrew Tridgell wa Australia alitoa programu iliyoanza kwa kusikiliza mazungumzo ya mashine na kujifunza lugha yake, bila kungoja mwenye lugha amfundishe. Microsoft ilizificha kanuni nyingi za lugha hiyo. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya Euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo hayo. Septemba 2007 mahakama ilithibitisha uamuzi huo. Na Desemba 2007 upande wa Samba ukapata hati hizo kwa malipo ya mara moja ya Euro 10,000. Watu waliojipanga walilazimisha mlango ufunguliwe. Nasi twaweza kuzungumza na mashine za bepari bila kumkabidhi masjala yetu.

Lakini tusidanganyane. Programu huria haidai leseni, ila inadai jasho. Shamba la kupewa bure halilimwi kwa maneno. Bila vijana waliofundishwa, tutakuwa tumeacha kumlipa mwenye leseni na kuanza kumnyenyekea mtaalamu wa kukodi.

5. Adui wa ndani

Kukusanya daftari mahali pamoja ni kukusanya nguvu mahali pamoja. Msimamizi wa seva anaweza kumfungia yeyote na kufungua jalada la yeyote. Asipodhibitiwa, tutakuwa tumemwondoa mdai hongo wa nje na kumsimika mwingine wa ndani. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi. Msimamizi wa kompyuta naye ni kiongozi, hata kama hana kiti cha mbele.

Kwa hiyo wasimamizi wasipungue wawili, na kila mmoja awe na jina lake la kuingilia, ili matendo yake yaandikwe katika kumbukumbu za seva. Neno kuu la siri liandikwe, litiwe lakiri na kufungiwa katika sefu ya ofisi. Kumbukumbu zikaguliwe na mtu asiye msimamizi. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zisomwe na viongozi, zisiachiwe mafundi.

Na nakala za akiba zitolewe kila siku, moja ikitunzwa nje ya jengo. Nakala ambayo haijapata kujaribiwa kurudishwa si nakala, ni matumaini.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Tusianze na mashine. Tuanze na orodha. Kaeni katika mkutano wa kazi mwandike: tuna watu gani, kazi gani, majalada gani, na nani anastahili kuona nini. Ofisi ya umma ifuate miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kisha fungeni seva mbili za daftari na moja ya majalada, zikiwa na betri za akiba kwa ajili ya umeme unaokatika. Anzeni na idara moja, rekebisheni makosa, ndipo muendelee. Na kila hatua iandikwe kwa Kiswahili, ajaye aisome. Mwaka 2004 Jambo OpenOffice, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ilionyesha kuwa programu ya ofisi inaweza kuzungumza lugha yetu.

Ndugu, kujitegemea hakuna maana ya kukaa peke yetu. Maana yake ni kwamba kijana akija kufuata hati yake, asirudishwe kwa sababu ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliye mbali, awe ni karani aliyehamishwa Mtwara au mwenye leseni aliye ng'ambo. Masjala ni ya umma, na ufunguo wake hauna budi kuwa wa umma.