Pampu ya mkono ikiharibika Kitui au Makueni, pa kuanzia ni wapi?

Kiangazi kinapoingia Ukambani baada ya mwezi wa Juni, pampu ya mkono iliyoharibika huwa si jambo dogo. Mito ya msimu hukauka, na wakazi wa maeneo kama Kyuso, Mutomo na Kibwezi hulazimika kutembea mwendo mrefu au kununua maji kwa mtungi. Mara nyingi kinachokwamisha ukarabati si ugumu wa kazi yenyewe, bali ni kwamba hakuna pale kisimani anayejua kilichoharibika kinaitwaje wala kinabadilishwa vipi.

La kushangaza ni kuwa maarifa hayo yapo, tena bila malipo. Pampu iliyoenea sana katika visima vya vijiji nchini ni ile iitwayo Afridev. Iliundwa katika miaka ya 1980 kutokana na majaribio yaliyofanywa Malawi na baadaye Kwale, katika Pwani ya Kenya, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Nia ya waundaji ilikuwa wanakijiji, wake kwa waume, waweze kuikarabati wenyewe bila lori wala winchi. Kwa sababu hiyo muundo wake haumilikiwi na kampuni yoyote. Vipimo na michoro yake huchapishwa na shirika la Skat la Uswisi, na yeyote mwenye simu iliyo na intaneti anaweza kuipakua pamoja na mwongozo wa kuitunza. Mwongozo huo ni wa Kiingereza, lakini michoro yake ni mingi kiasi kwamba hata asiyeijua lugha hiyo vizuri anaweza kufuata hatua.

Hata hivyo, kabla ya kutafuta mwongozo ni sharti kuitambua pampu. Afridev hutumia bomba la plastiki na hufaa kina cha hadi mita 45 hivi. India Mark II, ambayo pia hupatikana nchini, ina mnyororo ndani ya kichwa chake na kwa kawaida mabomba yake ni ya chuma. Kuyatoa mabomba hayo ni kazi nzito inayohitaji watu kadhaa na vifaa maalumu. Anayetumia mwongozo wa moja kuifungua nyingine atajitafutia balaa.

Kwa Afridev, hatua ya kwanza ni jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Piga pampu hadi maji yatoke, kisha iache kwa nusu saa. Ukirudi, maji yanapaswa kutoka kabla hujausukuma mpini zaidi ya mara tano. Yakichelewa, kuna mahali panapovuja, na mshukiwa wa kwanza ni vali ya chini, ingawa huenda pia bomba lina ufa. Maji yakitoka upesi lakini yakawa haba, chunguza mpira wa kuzibia ulio kwenye pistoni. Mpini ukicheza na kupiga kelele, bushi zimelika.

Kuvifikia vipuri hivyo hakuhitaji kung'oa bomba. Spana moja hufungua kichwa, kisha vyuma virefu vinavyoshika pistoni huvutwa kimoja kimoja, maana vimeunganishwa kwa kulabu. Vali ya chini nayo huvuliwa kwa kifaa kinachouzwa pamoja na pampu, kifaa ambacho kwa bahati mbaya ndicho hupotea kwanza. Anayevuta asiachilie chuma kikaanguka kisimani, na vifaa visilazwe mchangani. Kazi ikiisha, ni vyema kisima kitiwe dawa ya klorini kabla ya watu kuchota tena.

Je, maarifa pekee yanatosha? Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, ilitoa funzo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia ndani ya mipini ya pampu vifaa vidogo vilivyotuma habari za matumizi kwa njia ya simu, na mafundi wakawa wanafika mara pampu inaponyamaza. Muda wa kungojea ukarabati ulishuka kutoka karibu mwezi mmoja hadi chini ya siku tatu. Kutokana na mpango huo ilizaliwa huduma ya FundiFix, inayohudumia Kitui na Kwale. Ni dhahiri basi kwamba siku nyingi hupotea katika kuchanga fedha, kumsaka fundi na kusafiri kutafuta spea. Kwa maoni yangu, hilo haliondoi haja ya wanakamati wa maji kuijua pampu yao. Wakimwambia fundi kwa simu kwamba vali ya chini inavuja, atakuja na kipuri mkononi. Wakimwambia tu kwamba pampu imekufa, atakuja mara mbili, na nauli ni yao.

Wenye vinu vya kusagia na waendeshaji bodaboda hukabiliwa na tatizo lilo hilo. Kitabu anachopewa mnunuzi wa pikipiki hueleza mafuta ya kutia na wakati wa kuyabadilisha, wala si jinsi ya kufungua injini. Hayo yamo katika kitabu cha karakana, ambacho ni kingine kabisa. Kwa injini za dizeli za vinu hali ni tata zaidi, kwa kuwa baadhi ni nakala za Lister zilizoundwa India, na vipimo vya kitabu cha asili huenda visilingane nazo. Kitu cha kunakili kwanza ni nambari iliyo kwenye kibati cha injini au iliyochongwa kwenye fremu ya pikipiki. Halafu itafutwe orodha ya spea ya modeli hiyo, yenye picha na nambari ya kila kipuri. Kwa nambari hiyo, muuzaji wa Machakos au Nairobi anaweza kutuma kipuri kwa basi hadi Wote au Mwingi, mteja asilazimike kusafiri na kile kilichovunjika mfukoni.