Kadi ya Kliniki Haipeleki Mtu Chuo

Simu iliingia saa tatu usiku, saa za huku Göteborg. Njinjo ilikuwa saa nne, na nilisikia vyura wa Matandu kabla sijamsikia mpwa wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, bwana mdogo. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mjomba, Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Mimi nina kadi ya kliniki tu."

Zilikuwa zimebaki siku tisa dirisha la maombi ya mkopo lifungwe. Kijana alikuwa amefaulu kidato cha sita, wa kwanza katika ukoo wetu kufika hapo tangu mimi, na ukoo mzima ulikuwa umeshakula pilau ya pongezi. Hakuna aliyekumbuka karatasi. Mimi mwenyewe, mjomba wa Ulaya niliyekuwa nikituma hela za madaftari kila Januari, sikuwahi kuuliza. Cheti kilipatikana dirisha likiwa limeshafungwa, na kijana akakaa nyumbani mwaka mmoja akipalilia ufuta. Simlaumu mtu wa ofisi yoyote. Cheti kile tulikuwa tunadaiwa wenyewe kwa miaka kumi na tisa.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini kijana anayejua kukokotoa mwendo wa kitu kinachoanguka anafika mlangoni mwa chuo bila kujua mlango unafunguliwaje. Wengi humu mtandaoni hujibu kwa neno moja, umaskini. Umaskini upo, lakini jibu hilo halitoshi.

Kwanza tupaelewe mahali penyewe. Njinjo iko bara ya Kilwa, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Nangurukuru kwenda Liwale, jirani na Mto Matandu. Mto huo ndio unaotupa mpunga na ndio unaotupa msiba. Ulipofurika Januari 2020 ulichukua nyumba na mashamba, na ndani ya nyumba kulikuwa na masanduku ya bati yenye vyeti, kadi za kliniki na picha za harusi. Watu walihesabu magunia yaliyopotea. Karatasi hazikuhesabiwa na mtu.

Halafu kuna kumbukumbu ya wazee. Mzee wa Njinjo aliyekuwa kijana miaka ya sabini anakumbuka Serikali iliyombeba mwanafunzi mgongoni. Aliyechaguliwa kwenda sekondari alipewa waranti ya usafiri, akapanda basi kwa karatasi, akavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, akalishwa, akalazwa. Chuo kikuu nacho kililipiwa. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 alitakiwa kwanza afanye kazi, aende na barua ya mwajiri, lakini hakuulizwa bei ya chumba. Tena waliofika huko walikuwa wachache mno. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967, ilisema waziwazi kwamba shule ya msingi isiwe ngazi ya kwenda sekondari bali ikamilike yenyewe, imwandae mtoto kuishi kijijini. Kijiji kikaelewa hivyo: anayeondoka ni wa Serikali, anayebaki ni wetu.

Mpango ule ulibadilika bila kijiji kuarifiwa. Miaka ya tisini ikaja na uchangiaji wa gharama. Mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Miaka hiyohiyo, kupitia MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, shule za kata zikaota kila mahali, na mtoto ambaye zamani angeishia darasa la saba akafika kidato cha nne akilala kwao. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Haya ni mambo mema na sitaki kuyapunguza. Ila mzazi aliyesikia "elimu bila malipo" akaunganisha na kumbukumbu ya waranti, akahitimisha kwamba Serikali imerudi kubeba. Hakuna aliyekwenda kwenye baraza la kijiji kumwambia kwamba baada ya kidato cha sita mtoto wake anakuwa mkopaji.

Mkopaji huyo anatakiwa awe na nini? Anajaza maombi kwenye mtandao, analipa shilingi 30,000, anachapisha fomu, anasainiwa na serikali ya kijiji, anasainiwa na hakimu au wakili, anatafuta mdhamini mwenye kitambulisho na picha. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Sasa niambie, nani Njinjo alichukua cheti cha kifo cha baba yake mwaka ule wa msiba? Tulizika, tukasoma hitima, tukarudi shambani.

Na hata mwenye cheti hajapona. Pwani yetu ina ugonjwa wa majina. Mtoto anaitwa Hadija nyumbani, Khadija kwenye kadi, Hadidja kwa mwalimu wa darasa la kwanza aliyetoka mkoa mwingine. Saidi akawa Said, Mohamedi akawa Muhammad kwa sababu ustadhi alisema ndivyo inavyoandikwa. Jina la tatu, la babu, linakuja na kuondoka kulingana na aliyeshika kalamu. Kijijini hayo hayamsumbui mtu, kwani watu wanakujua kwa mama yako. Kwenye kompyuta ya Dar es Salaam, Saidi na Said ni watu wawili, na kuwapatanisha kunahitaji kiapo, nauli na siku mbili Kilwa Masoko. Nimeona kijana akilia kwa herufi moja.

RITA, wakala wa Serikali wa usajili, walianza kusajili watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Lindi mwaka 2017, na cheti kikawa kinatolewa kwenye kata na vituo vya afya. Lakini piga hesabu: hata mtoto aliyekuwa na miaka minne mwaka ule hawezi kufika kidato cha sita kabla ya 2030. Waliomtangulia, yaani wote walio sekondari ya juu leo, wasipokuwa na cheti lazima wakasajiliwe kwa kuchelewa, kwa ushahidi wa kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa ughaibuni wanaosema watu wa Kusini hawajali kuandaa watoto. Uongo mtupu. Sisi Wangindo, Wamatumbi na Wamwera tuna shule ya utu uzima iliyo kongwe kuliko kila jengo la Serikali wilayani: jando na unyago. Mwari anawekwa ndani, anakabidhiwa kwa kungwi, anafundishwa heshima, mwili, ndoa, namna ya kukaa na wakwe, namna ya kuficha na kusema. Hakuna mzazi anayesema hana hela ya ngoma. Tumejua tangu zamani kwamba mtoto hawi mtu mzima kwa kukua tu. Mtaala wa kungwi ulitungwa kwa maisha ya kijijini, na maisha hayo aliyajua mwenyewe. Bodi hakuwahi kuijua.

Ugumu ni kwamba shule hizi mbili zinagombea miezi ileile na hela ileile. Ufuta unavunwa kuanzia Mei hadi Julai. Unapelekwa chama cha msingi, unaingia ghalani, unapigwa mnada, mkulima anasubiri malipo. Hela zinaingia wakati kidato cha tano wanaripoti, matokeo ya kidato cha sita yanatoka, na dirisha la mkopo liko wazi. Ukiangalia kalenda tu utasema Mungu ametupangia vizuri kuliko mikoa mingine. Lakini ndio msimu wa ngoma pia. Mchele, vitenge, wapiga ngoma, spika za kukodi, na bodaboda mpya kwa kaka yake mwari. Ikifika Oktoba vyuo vinafunguliwa na ndani kuna mabati mawili na deni dukani. Korosho nazo ziko mnadani, hela bado.

Sisemi ngoma zifutwe. Nilichezwa jando na sijuti. Halmashauri za Kusini zimekuwa zikihimiza ngoma zifanyike wakati wa likizo ili watoto wasikose masomo, na hilo ni sawa. Mimi ningeongeza ombi moja: hela za kutunza ziwekwe zote, mbele ya watu, kwa jina la mtoto. Shangazi anayemtunza mwari shilingi 5,000 hatanyimwa sifa kwa sababu noti imekwenda kwenye akaunti badala ya kwenye kitenge.

Tuseme karatasi zimekubali na kijana yuko Dar es Salaam. Sasa linakuja bumu. Wanafunzi wameliita hivyo siku nyingi, fedha ya kujikimu inayotoka kwa mkupuo. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ukipokea ya siku sitini mkononi una 600,000, na kijana wa Njinjo hajawahi kushika kiasi hicho kisicho cha ufuta wa baba. Akikosa bweni la chuo anapanga. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Chumba cha 50,000 kinakula 300,000 siku ya kwanza, kabla ya godoro, ndoo, jiko la gesi na nauli ya daladala. Kilichobaki kinagawanywa kwa siku sitini: shilingi 5,000 kwa siku kwa kila kitu. Mpwa wangu, alipopata mkopo mwaka uliofuata, bumu la kwanza lilimwishia wiki ya tano. Hakucheza nalo. Alinunua viatu, simu iliyotumika, na alimtumia bibi yake 40,000. Hiyo ya bibi sikuweza kumgombeza.

Wiki ya sita ndiyo ya hatari. Simu ileile iliyomfikishia bumu inamwonyesha mikopo ya dakika tatu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mitaani kuna kausha damu, na jina lake linajieleza. Shuleni alijifunza riba kama hesabu ya kitabu. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja itampigia simu mama yake kijijini na kumtukana. Wala hakuna aliyemwambia kwamba mkopo wa Bodi wenyewe, akishaajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwa mshahara wa 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, nafuu kubwa, lakini deni ni deni.

Hapa ninapoishi mwanafunzi wa sekondari ya juu anapata krona 1,250 kwa mwezi kutoka serikalini, na wengi wanajifunza kuzitumia, na kuzifuja, wakiwa bado mezani kwa mama. Wanafunzi lazima wawe na mtu wa kuwashauri kuhusu masomo na kazi. Kabla ya kufika sekondari ya juu wanasoma hata somo la mambo ya nyumbani, bajeti ikiwemo. Nilicheka nilipoliona, maana ni Sayansikimu yetu, ile tuliyoiacha njiani kwa kuiona ya kupika maandazi.

Na kuna kitu tulichokichukua kutoka huku. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, vilitokana na Mwalimu kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden. Leo viko 54, na kimoja kiko Kilwa Masoko. Kuna chuo cha ufundi cha VETA pale Lindi. Kwa kijana aliyepata daraja la nne ufundi umeme ni njia, na kwa msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito, ambaye tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule, ni njia pia. Nyumbani bado tunaviita vya walioshindwa. Mtaala mpya una mkondo wa amali na tahasusi zimefika 65. Katika kuchagua hapo mzazi hana wa kumwuliza, na mwalimu wa ushauri nasaha, kama yupo, ndiye huyohuyo wa Fizikia na Hisabati.

Basi wewe uliye Muscat, Minneapolis au Leicester na una mtoto wa ndugu kidato cha tatu huko kwetu, usianze na hela. Piga simu wiki hii, mwambie atoe cheti cha darasa la saba na kadi ya kliniki, akusomee jina lake lilivyoandikwa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Likitofautiana, mtumie nauli ya Kilwa Masoko kabla masika hayajafunga barabara.