Sufuria ya maji haiondoi sumu ya jiko la makaa

KATI ya Juni na Agosti, msimu wa baridi ambao wenyeji wa Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, huuita gathano, jiko la makaa huingizwa chumbani ili familia ipate joto. Anayeinjika sufuria ya maji juu yake aweza kudhani kwamba mvuke utailainisha hewa na pia kuinyonya sumu ya makaa.

Dhana ya kwanza ni kweli. Ya pili yaweza kuua.

Hewa inapopashwa joto bila kuongezewa maji hukausha midomo na kukereketa koo. Ndiyo sababu Marekani na Kanada, ambako hewa ya kipupwe hushuka chini ya nyuzi 0 na kubeba mvuke kidogo mno, mitambo ya kupasha nyumba joto hufungiwa kifaa cha kuongeza unyevu. Lakini moto wa mitambo hiyo huwaka ndani ya tanuri lililofungwa, na gesi zake hutolewa nje kwa dohani. Jiko la makaa halina dohani.

Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hata yakiwa mekundu bila moshi, au yakifunikwa na majivu, bado huitoa. Ikivutwa, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo ubongo na moyo hukosa hewa. Kwa kuwa gesi hiyo huyeyuka majini kwa kiasi kidogo mno, sufuria haiwezi kuinasa.

Isitoshe, gathano huja na mawingu na manyunyu. Hewa ya Mukurweini tayari ina unyevu, na mvuke ukizidi kuta huota kuvu, jambo linalowadhuru wenye pumu.

Iliyo salama ni kuwasha jiko nje. Likilazimika kuingizwa, mlango na dirisha viachwe wazi, na litolewe kabla ya watu kulala. Usiku, blanketi na chupa ya maji moto hutosha.

Dalili za sumu hiyo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Anayezionyesha atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitalini ili apewe oksijeni.