Chukudu Ndogo Kama ya Baba

Masisi na Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hazina reli ya kumfanya mtoto aige treni. Lakini mtoto wa huko ana chombo chake cha kuiga anapotengeneza cha kuchezea: chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayoteremsha viazi, kabichi na makaa kutoka milimani. Mji wa Goma umeijengea hata sanamu.

Chukudu ya mwanzo ya kuchezea ni ubao na magurudumu mawili tu. Kuifanya ifanane na ya kweli kunataka jicho kali: usukani mpana kama pembe za ng'ombe, ukanda wa tairi kuukuu kuzunguka gurudumu, beringi katikati, na kipande cha mpira kinachokanyagwa nyuma kuwa breki.

Kinachosahaulika ni kilalio cha goti. Msukumaji hupiga goti moja ubaoni na kusukuma kwa mguu wa pili. Bila kilalio hicho, mfano haujakamilika.